Umri wa Mawe ya Angani: Ushahidi wa Gesi Adimu na Utata wa Neno "Umri"

1.0 Utangulizi

Tarehe 30 Desemba 2024 pete kubwa ya metali, yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi, ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Tarehe 1 Januari 2025 Shirika la Anga za Juu la Kenya lilitoa taarifa kwamba kitu hicho hakikuwa jiwe la angani bali kipande cha roketi, yaani pete inayotumika kutenganisha sehemu za chombo hicho kikiwa safarini. Kwa kawaida vipande vya namna hiyo hukusudiwa viteketee vinaporudi katika hewa ya dunia, au viangukie mahali pasipokaliwa na watu kama vile baharini.

Mwandishi wa makala haya alikuwa nyumbani Mbumbuni, katika kaunti hiyo hiyo, siku habari hizo zilipoenea. Mzee mmoja alimwuliza, "Mwalimu, hicho chuma kina miaka mingapi?" Mwandishi akajibu kwa haraka kwamba binadamu alianza kurusha vyombo kuzunguka dunia mwaka 1957, kwa hiyo pete ile haiwezi kuwa na miaka sabini. Mzee hakuridhika. "Sikukuuliza roketi ilitengenezwa lini, mwanangu," alisema. "Nimekuuliza chuma."

Swali la mzee lilikuwa sahihi kuliko jibu la mwalimu. Metali ya pete ile ilikuwamo katika mawe ya ardhini kabla haijayeyushwa kiwandani. Na kabla ya kuwamo katika mawe, atomu zake ziliundwa ndani ya nyota zilizokufa kabla jua letu halijazaliwa. Tena, tangu irushwe, pete ilikaa angani kwa muda fulani, na tangu ianguke ina muda mwingine. Miaka yote hiyo ni "umri" wa kitu kimoja, na kila jibu ni la kweli maadamu muulizaji ameonyesha anahesabu tangu lini.

Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi wanasayansi wanavyopima umri wa mawe yaangukayo kutoka angani kwa kutumia gesi adimu zinazotokana na elementi nururifu. Lengo letu ni mawili. Kwanza, kuonyesha kwamba jambo hili, ambalo aghalabu husomwa kwa lugha za kigeni tu, linaelezeka kwa Kiswahili bila kupunguziwa uzito. Pili, kuonyesha kwamba Kiswahili hakitalieleza barabara endapo kitaendelea kutumia neno "umri" peke yake kwa mambo manne yaliyo tofauti.

2.0 Istilahi za Msingi

2.1 Kimondo

Neno kimondo, ambalo matamshi yake ya zamani ni kimwondo, kwa asili hutaja mwali uonekanao ukikata anga usiku. Katika mapokeo ya Waislamu wa mwambao, vimondo ni vijinga vya moto wanavyotupiwa mashetani wanaonyemelea mbinguni kusikiliza siri. Siku hizi neno hilo hilo hutumika pia kwa jiwe lenyewe lililofika chini: chuma kikubwa kilichoko Mbozi, Mkoa wa Songwe, Tanzania, ambacho uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16 hivi, huitwa Kimondo cha Mbozi. Katika makala haya tutasema kimondo kwa mwali, na jiwe la kimondo kwa kitu kinachookotwa, hata kama kitu hicho ni chuma.

2.2 Gesi adimu

Gesi zinazohusika hapa ni heli, neoni, argoni, kriptoni na zenoni. Zimepewa majina mengi. Wengine huziita gesi ajizi kwa sababu hazipendi kuungana na elementi nyingine. Na jina argoni lenyewe linatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mvivu. Lugha kadhaa za Ulaya huziita gesi za kiungwana, kana kwamba ni watu wa daraja wasiochangamana na wengine. Hakuna hata moja kati ya sifa hizi iliyo kamili. Mwaka 1962 Neil Bartlett alionyesha kwamba zenoni inaweza kuungana na elementi nyingine, kwa hiyo uajizi wake una mipaka. Na hewa tunayovuta ina argoni karibu sehemu moja katika kila mia, kwa hiyo argoni si adimu hewani.

Hata hivyo, tutashika istilahi ya gesi adimu, kwa sababu uadimu ndio unaozipa thamani katika kazi tunayoieleza. Jiwe linapoundwa kutokana na kitu kilichoyeyuka, gesi hizi huponyoka kwa kuwa hazikushikamana na chochote, na jiwe hubaki karibu tupu. Ikiwa baadaye tutakuta argoni ndani ya jiwe hilo, hatuna budi kuuliza: imetoka wapi?

2.3 Unururifu, isotopu na nusu-uhai

Elementi moja huweza kuwa na atomu za uzito mbalimbali. Aina hizo huitwa isotopu. Baadhi ya isotopu ni nururifu, yaani viini vyake havitulii, na kila kimoja kwa wakati wake hugeuka na kuwa kiini cha elementi nyingine. Hakuna ajuaye atomu fulani itageuka lini. Lakini zikiwa nyingi, hugeuka kwa kiwango kisichobadilika, wala viwango vya joto na mgandamizo vilivyomo ndani ya mawe havikiharakishi wala kukichelewesha. Muda unaohitajika ili nusu ya atomu zilizopo zigeuke huitwa nusu-uhai.

Istilahi hii huwapotosha wanafunzi, ambao hudhani kwamba nusu-uhai mbili hufanya uhai mzima na mambo yakaisha. Sivyo. Tuchukue debe lenye punje 1,600 za ndengu. Baada ya nusu-uhai ya kwanza zitabaki 800. Baada ya ya pili 400. Baada ya ya tatu 200. Kila mara kinachogawanywa ni kilichosalia, si kile cha mwanzo. Mfano huu wa debe tutaurudia.

3.0 Saa ya Potasiamu na Argoni

Potasiamu ni elementi ya kawaida. Imo katika majivu, katika ndizi na katika mawe mengi. Katika kila atomu milioni moja za potasiamu, 117 hivi ni za isotopu nururifu iitwayo potasiamu-40, ambayo nusu-uhai yake ni miaka milioni 1,250. Kati ya kila atomu 100 za potasiamu-40 zinazogeuka, 89 hivi huwa kalisi na 11 hivi huwa argoni-40.

Msomaji atauliza kwa nini wanasayansi waiache kalisi iliyo nyingi na kuifuata argoni iliyo kidogo. Jibu ni kwamba mawe yamejaa kalisi tangu mwanzo, na kalisi mpya haitambulikani miongoni mwa ile ya zamani. Argoni haikuwamo. Jiwe likiwa limeyeyuka ni kama chungu kilicho wazi jikoni: mvuke wote unatoka. Likipoa na kuganda, ni kama chungu kilichofunikwa: kila argoni inayozaliwa ndani yake hunaswa. Kwa hiyo anayepima argoni hapimi siku ya kuzaliwa kwa jiwe, bali muda uliopita tangu kifuniko kiwekwe.

Turudi kwenye debe letu, kila punje ikiwa ni atomu ya potasiamu-40. Baada ya miaka milioni 1,250 punje 800 zitakuwa zimegeuka, na kati ya hizo 88 ni argoni. Baada ya miaka milioni 4,500 punje zilizosalia ni 132 hivi, na argoni imefika 161 hivi. Hapo argoni imezidi potasiamu-40 iliyoizaa. Katika jiwe la kale kiasi hicho, saa husomeka kwa urahisi.

Katika mawe machanga mambo ni mengine. Uwanda wa Yatta, unaoambaa na Mto Athi upande wa Kitui kwa urefu wa kilomita 300 hivi, ni mto wa lava ulioganda. Vipimo vya argoni vimeonyesha kwamba uliganda yapata miaka milioni 13.5 iliyopita. Kwa hesabu ya debe letu, katika muda huo ni punje 12 tu kati ya 1,600 zilizogeuka, na ni moja tu iliyokuwa argoni. Kupima kiasi kidogo namna hiyo kunahitaji jiwe liyeyushwe katika ombwe, gesi yake isafishwe, kisha isotopu zitenganishwe kwa uzito katika spektromita ya masi. Na kwa kuwa hewa ina argoni nyingi, mpimaji hana budi kutoa ile iliyopenya kutoka hewani. Hufanya hivyo kwa kupima argoni-36, ambayo haizalishwi na potasiamu: hewani, kwa kila atomu moja ya argoni-36 kuna 298.6 hivi za argoni-40.

Wazo kwamba potasiamu-40 huzaa argoni lilitolewa na Carl Friedrich von Weizsäcker mwaka 1937, na mwaka 1948 L. T. Aldrich na Alfred Nier walithibitisha kwamba madini ya kale yenye potasiamu yana argoni-40 ya ziada. Afrika Mashariki ilihusika mapema. Mwaka 1961 Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walitangaza kwamba tabaka la Olduvai lenye mabaki ya Zinjanthropus lina miaka milioni 1.75. Umri huo ulikuwa karibu mara mbili au zaidi ya ule ambao wataalamu wengi walikuwa tayari kuukubali, na tangu hapo historia ya binadamu ikaanza kuhesabiwa kwa gesi.

4.0 Saa Inapodanganya: Mfano wa Koobi Fora

Kabla ya kupanda angani, inafaa tuangalie kosa moja lililotokea hapa nyumbani, maana linatufundisha kuhusu mawe ya kimondo kuliko maelezo mengi.

Upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, katika eneo la Koobi Fora, kuna tabaka la majivu ya volkano liitwalo KBS. Chini ya tabaka hilo, mwaka 1972, Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu lililokuja kujulikana kwa nambari 1470. Umri wa fuvu ulitegemea umri wa majivu yaliyolifunika. Frank Fitch na Jack Miller walikuwa wametangaza mwaka 1970 kwamba majivu hayo yana miaka milioni 2.6. Wengine hawakukubali, kwa kuwa mabaki ya nguruwe wa kale waliopatikana hapo yalilingana na yale ya bonde la Omo yenye umri mdogo zaidi. Mwaka 1975 Curtis na wenzake walitoa vipimo vya chini ya miaka milioni 2, na mabishano yakawa makali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalimalizika: vipimo vilivyofanywa kwa uangalifu mkubwa katika fuwele zilizochambuliwa vilionyesha miaka milioni 1.88 hivi.

Tatizo lilitoka wapi? Majivu ya KBS yalichukuliwa na maji na kuchanganyika na chembe za mawe ya kale zaidi. Jaribio la kwanza kabisa lilikuwa limetoa zaidi ya miaka milioni 200, jambo lililoonyesha wazi kwamba kulikuwa na ugeni ndani ya sampuli. Hesabu ya debe inaonyesha ukubwa wa hatari. Chembe ya jiwe lenye miaka milioni 500 ina argoni mara 230 hivi zaidi ya chembe ya miaka milioni 1.9 yenye potasiamu ile ile. Maana yake ni kwamba chembe moja ya kale kati ya mia mbili na thelathini inatosha kuufanya umri wa majivu uonekane maradufu.

Ifahamike kwamba saa haikuharibika. Kila chembe ilisema kweli kuhusu siku ilipofunikwa yenyewe. Lakini wasomaji walitaka siku majivu yalipoanguka. Kosa lilikuwa katika kiunganishi "tangu".

Njia iliyosaidia kugundua makosa ya namna hii ilibuniwa na Craig Merrihue na Grenville Turner mwaka 1966, na ilitumika kwa mawe ya kimondo tangu mwanzo wake. Jiwe huwekwa katika kinu cha nyuklia na kupigwa na nyutroni, ili sehemu ya potasiamu yake igeuke kuwa argoni-39. Isotopu hii huwa kama shahidi wa kiasi cha potasiamu kilichokuwamo. Kisha jiwe hutiwa joto hatua kwa hatua, na katika kila hatua argoni-40 hulinganishwa na argoni-39. Ikiwa kila hatua inatoa umri ule ule, jiwe halikusumbuliwa. Ikiwa hatua za joto dogo zinatoa umri mdogo na zile za joto kubwa umri mkubwa, basi jiwe liliwahi kutiwa joto likapoteza sehemu ya gesi yake, nasi tunaweza kukisia lini.

5.0 Mawe ya Angani na Saa Zake

5.1 Saa iliyoanzishwa upya

Afrika Mashariki imepokea mawe ya kimondo mbele ya mashahidi wengi. Tarehe 14 Agosti 1992 mvua ya mawe ya namna hiyo iliunyeshea mji wa Mbale, Uganda. Kijiwe kimoja kidogo, baada ya kupunguzwa kasi na majani ya mgomba, kilimgonga mvulana kichwani bila kumdhuru. Tarehe 16 Julai 2011 mawe mengine yalianguka katika eneo la Thika, Kenya. Mawe ya Mbale na ya Thika yote mawili ni ya jamii ya kondriti, kundi liitwalo L.

Mfumo wetu wa jua una umri wa miaka milioni 4,567 hivi, na mtu angetarajia kondriti zote zionyeshe umri unaokaribia huo. Kondriti nyingi zinaonyesha hivyo. Lakini katika kundi L, argoni ya mawe mengi hutoa umri wa miaka milioni 470 hivi tu. Si kwamba mawe hayo yaliundwa juzi. Kinachoaminika ni kwamba gimba lao la asili liligongwa na kupasuka wakati huo. Joto la mgongano likafunua kifuniko, argoni iliyokuwa imekusanyika kwa zaidi ya miaka milioni 4,000 ikatoroka, na saa ikaanza kuhesabu upya. Ushahidi wa pili umetoka mahali pasipotarajiwa: ndani ya mawe ya chokaa ya Uswidi yenye umri unaokaribia huo huo yamepatikana mabaki mengi ya mawe ya kimondo, jamaa za kundi L, yaliyozama katika bahari ya kale.

Heli nayo ni saa. Urani na thori hutoa heli kila zinapogeuka: atomu moja ya urani-238, hadi ifikie kutulia, huacha atomu 8 za heli. Lakini heli ni nyepesi na huvuja kwa joto ambalo argoni bado hulivumilia. Wataalamu huzisoma saa hizi mbili pamoja. Zikikubaliana, jiwe lilifunikwa vizuri na kukaa kwa amani. Heli ikisema miaka michache kuliko argoni, basi kifuniko kiliwahi kulegea kidogo bila kufunuka kabisa.

5.2 Majivu yenye joto

Saa ya tatu haina mfano katika mawe ya kawaida ya ardhini. Iodini-129 ina nusu-uhai ya miaka milioni 16 hivi, nayo hugeuka kuwa zenoni-129. Katika miaka milioni 4,567 iodini-129 yote iliyokuwako mwanzoni imekwisha. Basi inafaa nini?

Mtu akifika katika boma lililohamwa akakuta majivu bado yana joto, hatamwona mwenye nyumba, lakini atajua kwamba hakuondoka zamani. Mwaka 1960 John Reynolds, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alipima zenoni ya jiwe la kimondo la Richardton, lililoanguka Marekani mwaka 1918. Alikuta zenoni-129 kwa kiasi kisichoweza kuelezwa isipokuwa kwa njia moja: jiwe liliganda wakati iodini-129 ilikuwa bado hai, likainasa, nayo ikageukia humo humo. Kwa kuwa iodini hiyo huisha upesi, muda baina ya kuundwa kwa elementi hizo katika nyota na kuganda kwa jiwe haukuweza kuwa mrefu mno. Ni wa makumi ya mamilioni ya miaka, au mamia machache, wala si maelfu ya mamilioni. Kwa njia hii mawe hulinganishwa: lenye zenoni-129 nyingi zaidi kwa kiasi cha iodini yake liliganda mapema zaidi. Plutoni-244, ambayo nusu-uhai yake ni miaka milioni 80 hivi, nayo imeacha alama zake za zenoni, lakini za isotopu nyingine, hivyo hazichanganyiki na za iodini.

5.3 Gesi za safari na gesi za jua

Kuna gesi adimu nyingine ndani ya mawe haya zisizotokana na unururifu, na mpimaji asiyezitenga atapotoka. Miali ya angani, yaani chembe zenye kasi kubwa zinazosafiri katika anga tupu, hupiga mawe na kuvunja viini vya atomu zake. Miongoni mwa vipande vinavyobaki ni heli-3 na neoni-21. Miali hii haipenyi sana. Jiwe lililozikwa mita kadhaa ndani ya gimba kubwa limesalimika. Kwa hiyo neoni-21 huanza kukusanyika pale jiwe linapovunjika kutoka gimba la asili na kuwa dogo. Kiasi chake hutuambia muda wa safari. Kondriti nyingi zimesafiri miaka milioni kadhaa hadi makumi ya mamilioni. Vyuma, ambavyo ni vigumu kuvunjika, aghalabu vimesafiri mamia ya mamilioni. Chuma hakina potasiamu ya kutosha, ndiyo maana kwa kitu kama Kimondo cha Mbozi saa ya argoni haifai sana, ilhali gesi za safari hufaa.

Gesi za jua ni jambo jingine. Tarehe 28 Januari 1934 jiwe lilianguka Rumuruti, Laikipia, na kipande cha gramu 67 kikahifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Kilipochunguzwa katika miaka ya 1990 kilionekana kuwa cha aina isiyolingana na makundi yaliyojulikana, na kundi zima likapewa herufi R kwa heshima ya Rumuruti. Katika jiwe hilo, na katika lile la Kapoeta lililoanguka tarehe 22 Aprili 1942 katika nchi ambayo sasa ni Sudan Kusini, kuna heli na neoni zilizopulizwa na jua lenyewe. Chembe za mawe hayo ziliwahi kuwa vumbi juu ya uso wa gimba lisilo na hewa; upepo wa jua ukazipiga, kisha zikashikamana zikawa mwamba. Gesi hizo zinahifadhi habari za jua, lakini kwa anayetafuta umri ni kama chembe ngeni za Koobi Fora: hazina budi kutambuliwa kwa uwiano wa isotopu zake na kutolewa katika hesabu.

6.0 Umri wa Namna Nne

Kutokana na maelezo haya ni dhahiri kwamba jiwe moja la kimondo, tuseme la kundi L, linaweza kuwa na miaka milioni 4,560, na miaka milioni 470, na miaka milioni 20, na miaka 13, yote kwa wakati mmoja na bila mgongano wowote. Mwandishi wa habari anayeandika "jiwe hili lina umri wa miaka milioni 20" hakusema uongo, lakini amemwacha msomaji gizani. Msomaji huyo akikutana kesho na takwimu nyingine, ataona kwamba wanasayansi wanabahatisha.

Tunapendekeza istilahi zifuatazo:

(a) Umri wa kuundika: muda tangu jiwe liwe kitu kigumu kwa mara ya kwanza. Miongoni mwa saa zake ni iodini na zenoni.

(b) Umri wa kufungika: muda tangu jiwe liache kupoteza gesi, baada ya joto la mwisho. Saa zake ni argoni na heli. Tumekwepa "umri wa kufunga" kwa sababu kitenzi hicho kimeshikwa na saumu, na kauli ya kutendeka inaonyesha vizuri zaidi hali inayolipata jiwe.

(c) Umri wa safari: muda tangu jiwe liachane na gimba la asili na kupigwa na miali. Saa zake ni heli-3 na neoni-21.

(d) Umri wa ardhini: muda tangu jiwe lianguke. Kwa mawe yaliyoonekana yakianguka tunaujua kwa kalenda; kwa mengine hupimwa kwa isotopu nururifu ambazo miali iliziunda angani na ambazo zimekuwa zikipungua tangu jiwe lifike chini.

Huenda baadhi ya wenzetu wakasema kwamba tunaongeza mzigo wa maneno katika lugha ambayo tayari inalaumiwa kwa istilahi zisizotumika. Hoja hii ina uzito, maana orodha nyingi za istilahi zimefia makabatini. Lakini hapa hatukubuni neno hata moja. Tumechukua maneno ambayo mkulima wa Mbumbuni anayatumia kila siku na kuyafunga kwenye maana maalumu. Tena, haja haikutoka kwetu bali katika jambo lenyewe. Palipo na saa nne tofauti, lugha yenye neno moja italazimika ama kunyamaza ama kukosea.

Hali ya shule zetu inaongeza uzito wa suala hili. Mwanafunzi wa Makueni hufundishwa fizikia kwa Kiingereza. Pete ilipoanguka Mukuku, habari alizisikia redioni kwa Kiswahili na akazijadili nyumbani kwa Kikamba. Maarifa ya darasani na mazungumzo ya nyumbani hayakukutana, si kwa sababu jambo lilikuwa gumu, bali kwa sababu hakuna aliyekuwa amejenga daraja la maneno baina yao.

7.0 Hitimisho

Tumeeleza kwamba gesi adimu hufaa kuwa saa kwa sababu hazishikamani na chochote: hutoka jiwe linapoyeyuka na hunaswa linapoganda. Tumeonyesha kwamba argoni, heli na zenoni zinazozaliwa na elementi nururifu hujibu maswali tofauti, na kwamba gesi za miali na za jua sharti zitengwe kwanza. Tumeona pia, kwa mfano wa Koobi Fora, kwamba makosa makubwa hayakutokana na saa bali na kutojua saa inahesabu tangu lini.

Mzee wa Mbumbuni hakuwa amesoma haya, lakini alitambua kwamba roketi na chuma chake havikuzaliwa siku moja. Mwandishi alirudi kwake baada ya siku chache na kumpa majibu yote, moja baada ya jingine: tangu atomu, tangu kiwanda, tangu kurushwa, tangu kuanguka. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sasa umejibu. Wafundishe na wanafunzi wako waulize hivyo."